Mmeru Asiyeshika Panga

Ukikaa kuandika kichekesho chenye Mmeru ndani yake, mkono utakwenda wenyewe kwenye panga, hasira na shavu lililotuna kwa miraa. Uache uende. Jaza ukurasa mzima, kisha uweke kando: hayo ndiyo watazamaji wameshayachoka. Sinema za kigeni zilituzoesha Mwafrika wa kubeba mizigo ya safari. Nasi tukachukua kalibu ileile tukamtia jirani.

Sasa anza na kazi. Miraa ni ya Igembe na Tigania, kule Nyambene. Lakini Kanyakine, hukohuko Meru, ni majani chai, kahawa na ndizi. Basi tuseme mhusika wako ni Karimi, yuko sokoni na mkungu wake. Broka ameupima kwa jicho na kutaja bei. Karimi hapandishi sauti. Anatoa mizani ya kuning'iniza kwenye kiondo, anaitundika kwenye boriti ya kibanda, anatundika mkungu, anakunja mikono. Broka anakohoa. Wauzaji wengine wanasogea na mikungu yao. Tayari una mchezo, na hakuna aliyekatwa.

Lakini usimfanye malaika. Huo ni mtego wa pili, na waandishi wazuri hunasa humo. Mpe Karimi deni la chama ambalo nyumbani hawalijui.

Halafu jiulize: anataka nini kabla jua halijatua? Tazama *Supa Modo* (2018) ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana mgonjwa asiye na tumaini la kupona. Mwandishi mvivu angemwekea machozi na mfadhili. Lakini Jo anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo wake. Au *Pumzi* (2009) ya Wanuri Kahiu: Asha anafanya kazi kwenye jumba la makumbusho, dunia imekauka, naye ana mbegu moja ya kupanda. Hakuna mgeni anayeshuka kumwokoa.

Ukimaliza, mbadilishe Karimi jina, mpe la Kikamba au la Kijaluo. Kicheko kikifa, kilikuwa kinalicheka kabila. Lafudhi nayo iache ije kidogo. Ikibeba mzaha wote, futa.

Mwisho, msomee mama anayeuza ndizi kweli. Akikukatiza kukwambia bei ya mkungu umeikosea, toa kalamu.