SOMO LA 14: KUPASUA NA KUKATA MAWE KWA MASHINE

Bila shaka umewahi kuona ukuta uliojengwa kwa mawe. Mwanza kuna mawe makubwa ya graniti. Katika pwani ya Kenya na Tanzania watu hujenga kwa mawe ya matumbawe. Mawe hutoka machimboni yakiwa hayana umbo maalumu. Je, hupasuliwaje? Na wafanyao kazi hiyo hujilindaje?

Jaribio la 1

Chukua kipande cha chaki. Kisimamishe mezani, kisha kikandamize kwa kidole kutoka juu. Je, kimevunjika? Sasa shika ncha zake mbili ukikunje. Kinavunjika mara moja, kwa sababu ulipokikunja upande wake mmoja ulivutwa.

Jiwe lina tabia hiyo hiyo. Nguvu inayotosha kuitenganisha graniti kwa kuivuta ni kama sehemu moja ya kumi, au pungufu yake, ya nguvu inayohitajika kuiponda.

Mashine ya kupasulia

Kabari ni mashine rahisi. Nguvu inayoigonga kutoka juu huigeuza kuwa nguvu mbili zisukumazo kando. Hivyo jiwe huvutwa huku na huku mpaka likapasuka. Mafundi hupigilia kabari za chuma kwa nyundo katika matundu yaliyotobolewa kwa mstari mmoja.

Mashine ya kupasulia hutumia kanuni hiyo. Jiwe huwekwa juu ya meza, kati ya meno mawili ya chuma, moja juu na moja chini. Pampu husukuma mafuta ndani ya silinda, nayo hulishusha jino la juu kwa nguvu nyingi. Ufa huanza penye meno, na jiwe hugawanyika. Mashine hufungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji ili isitikisike.

Msumeno wa mawe

Kitu kigumu hukwaruza kilicho laini kuliko chenyewe. Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kuanzia 1 hadi 10. Kwatzi, iliyomo ndani ya graniti, ina ugumu wa 7. Chuma cha kawaida hakifiki hapo. Kwa hiyo pembeni mwa msumeno wa duara hutiwa chembe za almasi, ambayo ugumu wake ni 10. Nyingi za chembe hizo hutengenezwa viwandani.

Msumeno ukizunguka hupata joto kwa sababu ya msuguano. Maji humiminwa juu yake ili kuupoza. Maji hayo yana kazi nyingine kubwa zaidi.

Jaribio la 2

Sugua vipande viwili vya chaki kavu juu ya karatasi nyeusi. Tazama vumbi. Sasa viloweshe na usugue tena. Vumbi limekwenda wapi?

Vumbi la graniti lina silika. Chembe zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu, na huacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, lakini waweza kuzuiwa. Maji hulinasa vumbi kabla halijaruka. Kitambaa cha kawaida puani hakitoshi; barakoa maalumu yahitajika.

Kanuni za usalama

1. Msumeno na meno ya mashine yawe na kinga.
2. Kitufe cha kuzimia kiwe karibu na mkono wa fundi.
3. Jiwe lishikiliwe imara. Likicheza, msumeno waweza kukwama na kuvunjika.
4. Zima mashine kabla ya kupima, kusafisha au kuondoa vipande.
5. Fundi asivae nguo zinazoning'inia wala glavu karibu na msumeno unaozunguka.
6. Avae miwani ya kukinga macho, viziba masikio na viatu vigumu.
7. Maji yasipotoka, kazi isimame.
8. Nyaya za umeme ziwe mbali na maji.

Watoto hawaruhusiwi kuzikaribia mashine hizi.

Maswali

1. Kwa nini jiwe hupasuka kwa urahisi likivutwa?
2. Kabari hubadili nguvu kwa namna gani?
3. Taja kazi mbili za maji katika msumeno wa mawe.
4. Fundi mmoja asema, "Nimezoea vumbi, halinidhuru." Utamjibu nini?