Yeats, farasi wa mbio ndefu



Wewe wa Igawa uliyefeli fomu foo, hii ni yako. Mwaka 2004 farasi Yeats, wa mkufunzi Aidan O'Brien wa Ireland, ndiye aliyetegemewa kushinda Derby kule Epsom, Uingereza. Akaumia, hata hakukimbia. Na Derby ni ya farasi wa miaka mitatu tu. Ikikupita ndiyo basi.

Mwaka uliofuata akarudi Epsom, akashinda Coronation Cup. Halafu wakamwingiza mbio ndefu: Ascot Gold Cup, kama kilomita 4. Akashinda 2006, 2007, 2008, 2009! Kabla yake hakuna aliyefikisha nne. (Melbourne 2006 alipigwa, jamani.)

Leo jioni soma Waebrania 12:1-3. Kisha andika: Derby yako iliyokupita ni ipi?