SOMO LA KIKUNDI: Mbuta Alipokataliwa Ulaya



Tulipokaa na akina mama wanaouza samaki hapa Ahero, mmoja wao alituuliza: "Mbona mtu wa mbali akikataa samaki, ni mimi huku ninayelala njaa?" Swali hilo ni zuri, na ndilo somo letu la leo. Msomeeni pole pole yule asiyejua kusoma, kisha mzungumze maswali yaliyo mwishoni.

Mambo yalivyokuwa

Mbuta aliwekwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vimejengwa Kisumu na kwingineko kandokando ya ziwa. Vinakata minofu, vinaiweka kwenye barafu na kuipeleka ng'ambo. Sisi tunabaki na vichwa na ule mfupa tunaouita mgongo wazi, ambao akina mama hukaanga na kuuza sokoni.

Mnunuzi mkubwa alikuwa Ulaya. Halafu matatizo yakafuatana, moja baada ya jingine.

Kwanza, mwaka 1997, Hispania na Italia zilizuia samaki wetu kwa sababu ya vijidudu vya salmonela. Vijidudu hivi hutoka kwenye kinyesi, na huharisha watu.

Pili, mvua za El Niño za mwisho wa 1997 zilileta mafuriko na kipindupindu katika Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Marufuku hiyo iliondolewa katikati ya mwaka huo huo.

Tatu, mwaka 1999 ilijulikana kwamba kuna watu wanaotia dawa ya wadudu ziwani ili samaki wafe na kuelea juu. Ulaya ikafunga mlango tena. Uganda ilifunguliwa mapema, lakini Kenya ilingoja hadi mwishoni mwa mwaka 2000.

Hesabuni wenyewe: karibu miaka minne ya kufungiwa, kufunguliwa na kufungiwa tena. Viwanda vilitafuta soko kwingine, kama Israeli, lakini kazi ilipungua. Bei ya mbuta kwenye bichi ilianguka. Mwenye kiwanda alipunguza wafanyakazi. Wakala alipunguza bei. Mvuvi hakuwa na mtu wa kumpunguzia, na deni la nyavu lilibaki pale pale.

Je, Ulaya walikuwa na haki?

Hapa tusijibu kwa hasira. Tuchukue kila jambo peke yake.

Salmonela: Walikuwa na sababu. Bichi nyingi hazikuwa na choo, wala maji safi, wala barafu. Samaki aliwekwa chini mchangani, na maji ya kumwosha yalichotwa pale pale ufuoni.

Kipindupindu: Hapa sababu yao ilikuwa dhaifu. Kijidudu cha kipindupindu hufa samaki akipikwa vizuri. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisema wakati ule kwamba kuzuia samaki hakukuwa njia inayofaa. Waliokuwa hatarini zaidi ni sisi tuliokunywa maji machafu, na hakuna aliyeponywa kipindupindu kwa kufungiwa soko.

Sumu: Hili hatuwezi kulitetea. Anayetia sumu ziwani anawaua watoto wa jirani yake kabla hajamdhuru Mzungu. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza wote wameoza. Wavuvi wachache walitia sumu, ziwa zima likahukumiwa.

Sheria ya dunia inasemaje?

Tangu 1995 kuna Shirika la Biashara Duniani. Mapatano yake yanasema kila nchi ina haki ya kulinda afya ya watu wake, lakini lazima iwe na ushahidi wa kisayansi. Afya isiwe kisingizio cha kuwafungia wengine soko.

Wakubwa nao hugombana kwa jambo hili. Mwaka 1989 Ulaya ilikataa nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni. Marekani na Kanada zikashtaki. Mwaka 1998 Shirika la Biashara likaamua kwamba Ulaya haikuwa imepima hatari ile ipasavyo. Ulaya haikufungua mlango. Basi mwaka 1999 Marekani iliruhusiwa kutoza bidhaa za Ulaya ushuru wa ziada, kwa kiasi cha dola milioni 116.8 kwa mwaka. Ni mwaka 2009 ndipo walipopatana.

Mnaona tofauti? Marekani ilikuwa na fimbo ya kurudisha. Sisi tungetoza nini cha Ulaya hata waumie? Mnyonge analindwa na sheria pale tu anapoijua na anapokuwa na ushahidi wake mkononi.

Wala tusisahau kwamba nasi hufunga mlango. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Baada ya siku chache yaliruhusiwa, lakini kwa masharti ya vyeti. Sumu ile si mchezo. Mwaka 2004 iliua watu 125 huku kwetu Kenya, upande wa Mashariki. Hata hivyo, mkulima wa Uganda mwenye mahindi safi aliumia pamoja na mwenye mahindi mabovu, vile vile kama mvuvi wetu.

Kilichofungua mlango

Mlango haukufunguliwa kwa kulalamika. Idara ya Uvuvi ilipewa mamlaka ya ukaguzi, samaki wakapimwa maabara, na viwanda vikarekebishwa. Bichi zilitakiwa kuwa na paa, sakafu ya saruji, maji safi na vyoo. Baadaye, mwaka 2007, kanuni za serikali zilizipa kamati za bichi nguvu ya kusimamia mambo yao.

Jambo moja linatusikitisha. Usafi ule ulidaiwa kwa sababu ya mlaji wa Ulaya. Je, mtoto wa Ahero anayekula mgongo wazi hastahili samaki safi?

Kikundi kifanye nini?

1. Samaki asiwekwe chini. Jengeni meza, hata ya mbao.
2. Msioshe samaki kwa maji ya ufuoni au ya mtaro.
3. Anayeharisha asishike samaki mpaka apone.
4. Anayetumia sumu atajwe kwa kamati ya bichi na kwa chifu. Msimfiche kwa sababu ni ndugu.
5. Andikeni daftari: mlinunua wapi, lini, kwa nani. Mkishtakiwa bure, daftari litawatetea.
6. Wekeni akiba kidogo kila wiki, na msitegemee mnunuzi mmoja.

Maswali ya kuzungumza

- Soko letu likifungwa kesho, nani ataumia kwanza? Tumemwandalia nini?
- Ni kosa gani ambalo ni letu, na ni lipi tunalosingiziwa? Tutajuaje tofauti?
- Je, tunamuuzia jirani kitu ambacho sisi wenyewe hatungekila?