TUMTENGENEZEE CHOZI CHOMBO CHA KUNYWEA



Hebu soma neno hili: chozi. Ukiulizwa maana yake utasema ni tone la maji linalotoka jichoni mtu akilia. Umejibu sawa. Lakini neno hilo hilo ni jina la ndege, na leo tutazungumza habari za ndege huyo.

Chozi ni ndege mdogo sana. Wengi wao hawafikii hata gramu 15. Kijiko cha chakula kilichojaa sukari huwa na uzito unaokaribiana na wake. Mdomo wake ni mwembamba na umepinda kidogo, mfano wa sindano ya gunia. Dume anang'aa juani, na jike ana rangi ya vumbi. Hapa kwetu Singida utamwona mmoja ambaye ni mweusi mwenye kifua chekundu kama pilipili iliyoiva. Yuko mwingine mdogo zaidi, ambaye dume wake ana manyoya mawili marefu mkiani. Wako chozi wa aina nyingi katika Tanzania. Mmoja wao anaishi katika Milima ya Uluguru tu, kule Morogoro, hapatikani mahali pengine popote duniani. Wa kwetu hawana shida hiyo, wanakaa hata karibu na nyumba.

Chakula chake ni vitu viwili. Cha kwanza ni maji matamu yaliyo ndani ya maua. Mdomo wake mrefu ni wa kazi hiyo, na ulimi wake umefanywa kama mrija. Akiingiza mdomo ndani ya ua, unga wa ua humpata usoni, naye huupeleka kwenye ua jingine. Hivyo mmea unapata mbegu. Kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, na shubiri ni mimea inayotegemea sana ndege huyu. Chakula cha pili ni wadudu wadogo na buibui. Makinda yake hulishwa hasa wadudu, siyo maji matamu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema chozi hana faida shambani, mwulize kama amewahi kukaa chini akamtazama.

Sasa, mkoa wetu ni mkavu. Mvua ikikatika mwezi wa Mei hatuioni tena mpaka Novemba au Desemba. Katika miezi hiyo maua hupungua sana. Ndipo mtu anaweza kumtengenezea chozi chombo kidogo cha maji ya sukari, akamtundikia uani. Chozi atakuja, nawe utamwona kwa karibu kuliko ulivyowahi kumwona. Watu wa nchi nyingine wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Kule Marekani wako ndege wengine wadogo ambao hunywa huku wakielea hewani, mabawa yakivuma kama nyuki. Chozi wetu naye anaweza kuelea kidogo, lakini anapenda kutua kwanza ndipo anywe. Kwa hiyo chombo chake lazima kiwe na kijiti cha kutulia. Mtu akisahau kijiti atalalamika kwamba ndege hawaji.

MAJI YA SUKARI

Kipimo ni rahisi: sukari kijiko 1, maji vijiko 4. Kijiko kiwe kile kile kwa vyote viwili. Kwa siku moja kijiko cha chai kinatosha. Chemsha maji, pima vijiko 4, koroga sukari mpaka iyeyuke, acha yapoe kabisa. Sukari iwe ya kawaida ya dukani. Usitie rangi, usitie chumvi, wala usitumie sukari guru.

Asali je? Najua ndilo swali la kwanza la mtu wa Singida, maana mkoa wetu unasifika kwa asali. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo. Mara yangu ya kwanza nilichanganya asali safi na maji, nikajisifu kwamba nimempa ndege kitu bora kuliko sukari. Siku ya pili chupa ilikuwa na povu na inanuka kama pombe. Siku iliyofuata ilikuwa na ukungu mweusi ndani. Kumbe asali ikiwa nzito haiharibiki, lakini ukiitia maji huchacha upesi, na ukungu wake unaweza kumuua ndege. Asali tuwaachie watu.

Hata maji ya sukari huchacha. Wakati wa joto, Septemba mpaka Novemba, yamwage kila siku uweke mengine. Juni na Julai, kukiwa na baridi, yanaweza kukaa siku mbili. Kila unapobadilisha, osha chupa kwa maji ya moto na uisugue ndani kwa unyoya wa kuku. Usitumie sabuni kama huna maji ya kutosha kuisuuza. Kama unajijua mvivu wa kuosha chupa, usianze kazi hii.

CHUPA

Chukua chupa ndogo ya dawa ya kikohozi yenye kifuniko cha plastiki. IWE NI CHUPA YA DAWA YA KIKOHOZI KWELI. Usitumie kamwe chupa iliyowekwa dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya pamba, au dawa yoyote ya kuua wadudu. Chupa ya namna hiyo haioshiki ikasafika. Itaua ndege, na mtoto akiichukua kuchezea itamdhuru yeye pia. Kama hujui chupa ilikuwa na nini, iache.

Pasha moto msumari wa inchi 2, ukiushika kwa koleo. Toboa nao tundu moja katikati ya kifuniko. Njiti ya kiberiti ipite kwa urahisi, lakini nyuki asiweze kupita. Lainisha kingo za tundu kwa jiwe, zisije zikamkwaruza ndege. Kisha tafuta kipande cha plastiki nyekundu, mathalani cha ndoo iliyovunjika. Kikate mviringo kama sarafu kubwa, kitoboe katikati, ukivishe shingoni mwa chupa. Hilo ndilo ua lako. Chozi huvutwa na rangi nyekundu, lakini nyuki haoni nyekundu vizuri. Rangi ya njano usiweke, maana nyuki huipenda.

Funga chupa kwa waya kwenye nguzo au tawi lenye kivuli. Ilaze, lakini mdomo wake uinuke kidogo. Tia maji ya sukari kiasi cha kufika karibu na tundu, kwa chini yake. Yasidondoke. Yakidondoka, siafu na sisimizi watakuja kabla ya ndege. Chini ya mdomo wa chupa, kiasi cha urefu wa kidole, funga kijiti chenye unene wa kalamu ya risasi. Chombo kiwe juu kuliko kichwa cha mtu mzima, paka asikifikie kwa kuruka. Kiwe karibu na kichaka au mti, ndege apate pa kukimbilia.

Wengine watafikiri habari ya kile chombo cha kunyweshea vifaranga, yaani kopo lililopinduliwa juu ya sahani. Kwa kuku ni chombo kizuri sana, lakini kwa kazi hii hakifai. Sahani iliyo wazi yenye sukari ni karamu ya nyuki.

Na nyuki si jambo la kuchezea. Wafugaji wa Manyoni na Itigi wanalijua hili kuliko mimi. Nyuki mmoja akipata maji ya sukari hurudi kuwaita wenzake. Wakizoea uani kwako wanaweza kumwuma mtoto, au mbuzi aliyefungwa kamba asiyeweza kukimbia. Tena nyuki haulizi kama tamu hii imetoka kwenye ua au dukani. Ataipeleka mzingani, na mwenye mzinga atavuna asali iliyochanganyika na sukari bila yeye kujua. Kwa hiyo kama kuna mizinga karibu, usitundike chombo. Kama umetundika na nyuki wakaanza kuja, kiondoe siku hiyo hiyo jioni, ukae siku kadhaa, kisha ukijaribu mahali pengine.

NILICHOKOSEA

Mwaka wa kwanza nilitundika chombo nyuma ya darasa letu la kisomo. Siku ya nne alikuja dume mwenye kifua chekundu. Ikawa kila siku saa moja asubuhi na saa kumi jioni, yupo pale pale, kwenye kijiti kile kile. Sisi darasani tulifurahi. Vijana wenye manati nao walifurahi. Jumamosi, wakati darasa limefungwa, walimpiga kwa jiwe. Nilimkuta chini ya nguzo, mdomo ukiwa bado na maji ya sukari.

Siwalaumu vijana peke yao. Ndege wa porini hupigwa kwa bahati tu. Huyu mimi nilikuwa nimemfundisha kukaa mahali pamoja kwa saa maalum, kisha nikaenda zangu nyumbani. Kwa hiyo nasema, chombo kitundikwe pale ambapo mtu mzima yupo kutwa, na watoto waelezwe kabla, siyo baada. Sisi tuliwapa wale wale wenye manati daftari na kalamu. Kazi yao ilikuwa kuandika tarehe, saa, na ndege wangapi wamekuja. Wawili kati yao waliandika mpaka mvua ikanyesha. Na tukumbuke pia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009: kuua au kukamata mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na ndege wamo. Usimvutie chozi kwa sukari ili umtie kwenye tundu.

SUKARI YA NANI?

Nilipolileta somo hili tena darasani, mama mmoja alisimama. Alisema, "Mwalimu, mimi wajukuu wangu wanakunywa uji wa chumvi. Leo unanifundisha kumnunulia ndege sukari?"

Darasa lilinyamaza. Nikasema basi tupige hesabu, ndiyo kazi iliyotuleta. Kijiko cha chai cha sukari, kisichorundikwa, ni kama gramu 5. Tangu tarehe 1 Juni mpaka tarehe 30 Novemba ni siku 183. Tukazidisha 183 kwa 5 ubaoni, tukapata gramu 915. Yaani kiangazi chote ndege hamalizi kilo moja. Nilidhani nimeshinda.

Yule mama akaitazama hesabu, akasema, "Ni sawa, ni kilo moja. Lakini ni kilo ambayo mimi sina." Wiki iliyofuata alikuja na kikapu. Ndani mlikuwa na machipukizi ya shubiri kutoka kwenye ua wa nyumba yake. "Hawa ndege ninao siku zote," alisema, "na siwanunulii kitu."

Nilikwenda kwake kuona. Shubiri zilikuwa zimechanua mstari mzima, maua mekundu yamesimama, na chozi watatu walikuwa juu yake. Ulikuwa mwezi wa Julai, kila kitu kimekauka. Shubiri nyingi huchanua wakati wa kiangazi, wakati ule ule chozi ana shida. Mbuzi haili kwa sababu ni chungu. Haitaki kumwagiliwa ikishashika. Unang'oa chipukizi lenye mizizi pembeni ya mama yake, unaliacha kivulini siku mbili au tatu kidonda kikauke, unalipanda hatua moja kutoka jingine mwanzoni mwa mvua. Maua yataanza baada ya miaka michache, siyo mwaka huo huo.

Kwa hiyo sasa nafundisha vyote viwili, lakini shubiri kwanza. Mwenye kijiko cha sukari cha ziada na muda wa kuosha chupa, atengeneze chombo, na akiondoe mvua zikianza na maua yakafunguka. Asiye nacho apande. Migomba nayo humsaidia chozi, kwa walio na maji ya kuinywesha. Yule mama alinipa machipukizi sita. Manne yameshika, mawili yalichimbuliwa na kuku wa jirani.

MASWALI

1. Neno "chozi" lina maana mbili. Tunga sentensi mbili, kila moja na maana yake.

2. Mtu ana maji vijiko 12. Atie sukari vijiko vingapi?

3. Kwa nini asali haifai katika chombo hiki?

4. Uliza bei ya kilo moja ya sukari katika duka la kijijini kwenu. Kijiko kimoja cha gramu 5 ni shilingi ngapi?

5. Yule mama alikuwa na haki ya kukataa? Jadilianeni darasani, kisha kila mtu aandike mistari mitano.