Kushoto Mwanza, Kulia Kigali: Mafunzo Niliyopata kwa Gari la Kukodi

Mwaka 2018 mimi na mke wangu tulikodi RAV4 jijini Mwanza, tukaenda nayo Rwanda, tukarudi. Wakati huo nilikuwa nimeendesha magari kwa zaidi ya miaka ishirini, nikaamini kilichobaki ni mafuta na hela ya kulala. Nakuandikia wewe unayepanga safari kama ile, maana najua utakwenda, na ni haki yako kwenda ukiwa umejiandaa kuliko nilivyojiandaa mimi.

1. Gari lina mwenyewe, na mpakani huulizwa yeye

Kituo cha mpakani cha Rusumo ni cha pamoja. Marais Magufuli na Kagame walikizindua mwaka 2016, na maofisa wa nchi zote mbili hukuhudumia mahali pamoja, kwa hiyo nilitegemea kumaliza ndani ya nusu saa. Tulikuwa na pasipoti, leseni na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Ofisa wa forodha akasoma kadi ya gari, akasoma jina langu, akauliza kwa upole, "Mzee, barua ya mwenye gari iko wapi?"

Sikuwa nayo. Baya zaidi, mkataba niliousaini bila kuusoma ulisema gari litumike ndani ya Tanzania tu. Tulipokuwa tukipatana bei nilimwambia mwenye gari kwamba tunakwenda "huko Ngara," upande huu wa mpaka, kwa kuogopa asije akapandisha. Basi tukarudi mji mdogo wa Benaco, tukalala siku mbili, mpaka barua yenye muhuri wa wakili ilipoletwa na basi. Bei ilipanda kweli, nikailipa pamoja na aibu ya kumpigia simu mtu niliyemficha ukweli.

Mama mmoja aliyekuwa akituuzia wali na maharage pale Benaco alituambia alivyokuwa msichana mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja wakikimbia vita, na Benaco ikawa mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Yeye alichokumbuka zaidi ni moshi wa kuni uliolala juu ya vilima asubuhi hadi jioni. Tulipovuka mto Kagera hatimaye, hakuna aliyezungumza ndani ya gari. Kama barua ingekuwepo, ningelipita daraja lile kama daraja lolote.

Kwa hiyo sema ukweli wa safari tangu siku ya kukodi. Omba barua ya ruhusa na nakala ya kadi ya gari, kisha kata bima ya COMESA, ile inayoitwa Kadi ya Njano. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huu wa bima. Elewa kazi yake lakini: inamlinda mtu wa tatu utakayemdhuru nchi ya watu. Bati la gari ulilokodi ukiliumiza, ni suala lako na mwenye gari, na kifungu hicho kisome kabla hujapokea ufunguo.

2. Barabara tupu ndiyo ya kuogopa

Ukishavuka Rusumo unahamia kulia. Niliogopa sana saa ile ya kwanza, na haikutokea kitu, kwa sababu kila gari lililokuwa mbele lilinionyesha njia. Hata Kigali niliimudu, ingawa kwenye mizunguko ya barabara nilikuwa nikisema kwa sauti, "kulia, kulia." Sisi mizunguko ile tunaiita kipilefti, na neno lenyewe linakuamuru ushike kushoto.

Hatari ilinikuta Musanze, asubuhi ya tatu. Nilitoka kituo cha mafuta nikiwa na raha, volkano zimefunguka angani, barabara haina hata baiskeli. Mikono ikapeleka gari kushoto yenyewe. Niliendesha hivyo mita mia mbili au zaidi, mpaka pikipiki ilipotokea kwenye kona, abiria kavaa helmeti, na yule kijana akalala pembeni kabisa kutukwepa. Alisimama, akatutazama, akaenda zake. Sikuweza kuendelea kwa muda wa robo saa.

Mwili una kumbukumbu yake, nao huirudia pale akili inapopumzika. Tangu siku ile, kila ninapotoka kituo cha mafuta, hotelini au kwenye maegesho, nasimama kwanza na kujiuliza niko nchi gani.

3. Tafuta utingo

Dereva mmoja wa malori pale Benaco alikuwa amenionya: "Kule bila utingo hupiti gari la mbele." Sikumwelewa hadi mlima wa Shyorongi, tunapanda kutoka Kigali. Usukani wetu uko kulia, na Rwanda unaendesha upande wa kulia, maana yake dereva anakaa ukingoni. Ukiwa nyuma ya lori la mafuta linalopanda taratibu, unachokiona ni lori tu. Anayeona kinachokuja ni abiria wa mbele.

Mke wangu akawa ndiye anayeona. Mwanzo nilimuuliza kisha nikachungulia mwenyewe, nikilitoa gari nusu barabarani ili kuhakikisha. Akaniambia, "Kama huniamini, usiniulize." Nilinyamaza, na nikaanza kumsikiliza. Akisema subiri, tunasubiri, hata kilomita nzima. Nilishangaa jinsi ilivyonichukua miaka yote ile ya ndoa, na mlima mmoja, kuyakabidhi macho yangu kwake.

4. Acha rambo nyumbani

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, na sisi tulifuata Juni 2019. Tuliacha mpakani mifuko yote tuliyofungia vitumbua na nguo chafu. Beba kikapu.

5. Hesabu jua kuliko saa

Rwanda iko saa moja nyuma yetu. Ukienda unaongezewa saa, ukirudi unanyang'anywa. Siku ya kurudi ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano, watu hutoka kufanya kazi za jamii, maduka hufungwa na magari hupungua. Sikuwa nimelijua hilo. Tuliondoka Kigali karibu na saa sita, tukafika Rusumo saa tisa na nusu yao, yaani saa kumi na nusu yetu, na tulipomaliza forodha jua lilikuwa limeinama.

Badala ya kulala Benaco, nikasema tusogee. Giza likatukuta kwenye msitu wa kuelekea Biharamulo, barabara ambayo miaka ya nyuma magari yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Macho yalikuwa yanauma. Mke wangu akapaza sauti, "Matawi!" Nilikanyaga breki. Mbele kulikuwa na matawi yaliyotandazwa kwenye lami, na baada yake lori lililoharibika, halina taa hata moja. Mimi sikuwa nimeona chochote.

Ana leseni, na anaendesha vizuri usiku kuliko mimi. Lakini nilipojaza mkataba kule Mwanza, kwenye nafasi ya madereva niliandika jina langu peke yake, hata sikumuuliza. Angeshika usukani na jambo likatokea, tusingekuwa na pa kusimamia. Kwa hiyo nikaendesha kwa mwendo wa baiskeli mpaka Biharamulo, yeye akiwa ameegemea kioo cha mbele, akinitajia kila kona.

Mwaka uliofuata tulikodi tena, tukaenda hadi Rubavu kuliona Ziwa Kivu. Karatasi ya madereva nilimpa yeye aijaze.