Mwizi Kaondoka, Msiumane Nyie

Wadogo zangu, leo nasema na nyie mliopanga pamoja, chumba na sebule, Sinza au Mabibo, mnaochangishana kodi ya miezi 6 na kununiana kwa sababu ya LUKU. Mmoja wenu kaniandikia, na maneno yake hayajanitoka moyoni.

Ijumaa usiku msanii wao katoa ngoma mpya. Wakafungulia sabufa, wakaanza kucheza sebuleni huku wakijirekodi. Tena singeli, mapigo 200 na zaidi kwa dakika! Hapo hata mtu akikata nondo za dirisha la chumbani, nani atasikia? Walipokwenda kulala wakakuta laptop haipo, simu mbili zilizokuwa kwenye chaji hazipo, na uani mtungi wa gesi umekwenda.

Poleni jamani, nyumba ikishaingiliwa hata paka akiruka bati mtu hulala macho. Lakini mtagombezwa. Muziki sina ugomvi nao, chezeni, ujana ndiyo huo. Ila zile video mnazorusha status, laptop kitandani, geti la jirani linaonekana, na maandishi juu "tupo watatu tu"! Umemwaga mtama kwenye kuku wengi, halafu unauliza nani kala. Na ule ufunguo mnaouacha chini ya ndoo, kila anayekuja kuazima chumvi anaujua.

Haya, hayo yanarekebishika. Kinachoniuma ni kwamba wawili sasa wamemgeukia mwenzao. Eti mchumba wake alikuja Jumatano, eti mbona simu yake peke yake haikuibwa. Mdogo wangu, simu yake ilikuwa mkononi mwake inawarekodi nyie mkicheza! Najua, mtu akiibiwa hutafuta uso wa kuukasirikia, na wa karibu ndio unaoonekana. Kikulacho ki nguoni mwako, mnaniambia. Sawa, lakini usivue nguo zote barabarani kwa kumtafuta chawa ambaye hujamwona.

Na hilo la kwenda kwa mganga akawatajie mwizi, sitaki kulisikia tena. Polisi wamepiga kelele miaka mingi juu ya ramli chonganishi, kwa sababu inaua watu. Mganga atataja nani, kama si yule mliyekwenda naye tayari vichwani mwenu? Mkishalitamka jina mtaani, kuna vijana watakaokuja na tairi kabla hamjamaliza sentensi. Mtairudisha vipi roho ya mtu, kwa laptop?

Badala yake, mbona laini hamjazifunga hadi leo? Mwizi wa siku hizi haishii kwenye simu, anaitaka laini yenyewe, akope kwa jina lako, amwandikie shangazi yako "ile pesa tuma kwenye namba hii". Azima simu yenye laini ya mtandao wako, piga 100, ukiwa na namba yako ya NIDA. Kisha tafuteni boksi za zile simu, IMEI imeandikwa pale, mwende nayo kituoni mkafungue jalada mpewe RB. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye aambiwe, maana jirani mwenzenu huenda kaibiwa wiki hiyo hiyo kakaa kimya. Mwenye nyumba abanwe juu ya zile nondo, na kitasa kibadilishwe, funguo tatu kwa watu watatu, hakuna wa chini ya ndoo. Video mkitaka kurusha, rusheni kesho yake, na mjirekodi mbele ya ukuta.

Na wewe uliyeniandikia, umesema mwenzenu ameanza kufungasha nguo. Usingoje afike stendi. Mwombe radhi leo, mbele ya yule mwingine, kwa sababu mbele yake ndipo ulipomsema.