Umejuaje? Mafunzo Manne Niliyopata Wodini

Nilifika Tarime kutoka Tanga nikiwa muuguzi mkunga mwenye sare iliyonyooka na majibu mengi. Nimestaafu sasa, baada ya miaka ya kuzunguka vituo vya Tarime na Serengeti. Wewe unayeanza uuguzi, najua unataka kufika mbali, kwa hiyo sitakuhubiria bidii. Nitakusimulia jinsi nilivyokuwa na uhakika wa mambo nisiyoyajua.

1. Patografu ikipendeza mno, itilie shaka

Usiku ule nilikuwa peke yangu na akina mama watatu kwenye uchungu. Kulipopambazuka wote walikuwa wamejifungua salama, na patografu zao, zile chati za kufuatilia uchungu, hazina hata nukta. Nikaketi, nikazijaza zote kwa mkupuo: njia inafunguka sentimita moja kila saa, mapigo ya moyo wa mtoto 140, 140, 142. Hiyo 142 niliitia ili ionekane ya kweli. Muuguzi mfawidhi akazitazama, akauliza neno moja: "Umejuaje?"

Mistari ya patografu ilichorwa hapa hapa Afrika. Mwaka 1972 watafiti Philpott na Castle waliieleza wakiwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ili mkunga wa mbali ajue wakati wa kumpeleka mama hospitali. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kigezo cha sentimita moja kwa saa hakitegemeki kuwatambua walio hatarini. Nilishtuka. Kumbe kwa kughushi nilikuwa nakitolea kigezo hicho ushahidi wa uongo! Fomu ya kughushi hukubaliana na nadharia siku zote, na nadharia isiyopingwa hairekebishwi. Andika ulichokiona. Usichokiona, acha wazi.

2. Macho husema kweli, ila huondoka mapema

Mtoto aliletwa kwa pikipiki, homa kali, mikono na miguu ya baridi. Tukamkimbizia dripu. Baada ya saa moja akafumbua macho, mama yake akanishika mkono, nami nikatoka zamu natembea kama bingwa. Alfajiri akafariki. Nikailaumu malaria.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Kituo kimojawapo kilikuwa Teule, Muheza, kwetu nyumbani Tanga. Waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walifariki 10 na ushee katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiopewa, 7 na ushee. (Watoto wa kuharisha hawakuwemo, usije ukawanyima maji hao.) Kilichonishangaza zaidi ni kwamba katika saa ya kwanza, waliopewa ndio walioonekana kupata nafuu zaidi.

Kama dripu ndiyo iliyomponza mtoto yule, sitajua kamwe. Niliona sawasawa, lakini niliona saa moja tu. Uzoefu hukumbuka waliotushukuru kabla ya zamu kwisha. Utafiti hubaki wodini hadi kesho kutwa.

3. Fomu hujua kile tu inachouliza

Kliniki ya wajawazito, upande wa Serengeti. Nikamuuliza binti mmoja, "Mwenza wako amekuja?" Akaonyesha bibi aliyeketi kwenye benchi. Nikaandika: mama mkwe.

"Sista, futa," bibi akasema. "Ng'ombe nimetoa mimi. Huyu ni mke wangu."

Benchi zima likacheka, na aliyechekwa ni mimi. Ndivyo nilivyojifunza nyumba ntobhu ya Wakurya: mwanamke hutoa mahari, humwoa mwanamke mwenzake, na watoto huwa wa nyumba yake. Fomu ilitaka mwenza mmoja wa kupimwa damu. Binti alikuwa na mwenye nyumba, na kando yake mwanamume ambaye hakuna aliyemuuliza habari zake.

Chuoni nilikariri kwamba mwaka 1978 Barbara Carper wa Marekani alitaja njia nne za kujua katika uuguzi: sayansi, sanaa ya kuuguza, kujijua mwenyewe na maadili. Wasomi wanabishana hadi leo kama zote nne zinastahili kuitwa elimu. Mimi niliziona za kujibia mtihani tu. Siku ile kipimo changu cha damu kilikuwa sahihi, lakini sikujua nimpime nani.

4. "Umejuaje" si rungu

Baadaye nililipenda mno lile swali la mfawidhi. Bibi mmoja akaniambia mjukuu wake mchanga leo hayuko sawa. Kipimajoto kikasoma 36.8. "Bibi, umejuaje?" nikasema, kwa ile sauti ya kufunga mazungumzo.

Jioni mtoto akagoma kabisa kunyonya. Tulimtibu, akapona, nikamwomba bibi radhi. Mwongozo wenyewe wa kutibu vichanga huhesabu kunyonya vibaya kuwa dalili ya hatari, na hakuna kifaa cha kuipima. Utaijua kwa kumuuliza anayemlea, kisha ukae umwangalie mtoto akinyonya.

Nami niliuliza. Bibi alijibu vizuri tu: "Nimelala naye." Lakini nilikuwa nimeshafika kitanda cha pili.